Mlango Uliosingiziwa

Mlango wa uani wa nyumba ya baba yao ulirandwa kwa kosa ambalo haukulifanya. Baba, aliyekuwa seremala, aliung'oa kwenye bawaba asubuhi moja, akaulaza juu ya meza ya kazi, akachukua randa na kuuranda ukingo wote uwe wa mviringo, juu mpaka chini, hadi ukawa laini kama mgongo wa kijiko. Alipokwisha kuurudisha mahali pake alimwita binti yake, akasema, "Haya, sasa hata ukiugonga tena hautakuumiza." Binti alikuwa na miaka saba, pua imevimba, macho yamezungukwa na weusi. Kaka yake, wa miaka kumi, ndiye aliyeambiwa aushike mlango usiteleze wakati unarandwa. Aliushika vizuri tu, na hakusema neno.

Masikini mlango wa watu. Haukuwa umemgonga mtu. Kilichomgonga yule mtoto ni ubao, ule mrefu wa baba uliokatazwa kuguswa. Kaka yake aliuchukua akaulaza juu ya gogo ili wabembee, mmoja huku na mwingine kule. Lakini hakuwa na subira yule. Akarukia upande wake kabla mwenzake hajakaa. Mdogo wake alikuwa ameinama kufuta vumbi. Upande wake ukapanda ghafla, ukamkuta usoni.

Baba alipotoka kuuliza kulikoni, kaka alikuwa amesimama kinywa wazi, ulimi umekauka. Aliyejibu ni yule yule mwenye damu mpaka kidevuni. Alijua mkanda wa baba unaning'inia wapi, na alijua utamshukia nani. "Nimegonga mlango," akasema. Basi ikawa ni mlango. Mtoto wa miaka saba, hajui hata kufunga kamba za viatu, lakini kumficha kaka yake alijua.

Hospitali ya karibu walimpa dawa ya maumivu wakamrudisha nyumbani. Kwa hiyo kaka akajifanya daktari. Kila asubuhi, kwa muda wa mwezi mzima, alimpeleka mdogo wake nyuma ya rundo la mbao, akamwekea kidole gumba kati ya nyusi na kukishusha taratibu mpaka nchani, kama alivyomwona baba akipapasa ubao uliotoka kurandwa. Alifumba macho, kwa sababu baba naye alikuwa akifumba. Alidhani pua itanyooka. "Inauma?" alikuwa akiuliza. "Haiumi," alijibu mdogo wake, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. Uongo mtupu. Iliuma vibaya sana, na haikunyooka. Ilipona ikiwa imebonyea katikati na kulalia kushoto, na ikabaki hivyo kwa miaka arobaini na mitano.

Baada ya mwezi ule hawakulizungumza tena jambo hilo. Hata siku moja. Walizungumza habari za mvua, za watoto, za majirani na mbuzi wa majirani. Walimuuguza mama pamoja wakamzika, wakamzika na baba, wakagombana na kupatana. Habari ya ubao ndiyo haikutajwa. Ndugu wanaweza kukaa juu ya neno moja maisha yao yote kama kuku anayeatamia jiwe, na ukiwauliza watakwambia hakuna kitu.

Mdogo mtu akawa fundi cherehani. Watu wakamwita Pindo, kwa sababu mapindo yake ukiyageuza ndani huoni pa kuanzia wala pa kuishia uzi. Kaka akarithi vyombo vya baba, akaitwa Randa. Sifa yake kubwa ilikuwa milango. Kila mlango uliotoka mikononi mwa Randa ulikuwa na ukingo wa mviringo, hata mteja asipouomba. Wengine walimwambia anapoteza muda bure. Wenye watoto walimshukuru. Alikuwa akicheka tu na kuwaambia ni mazoea. Mtu mmoja peke yake mjini ndiye aliyejua mazoea hayo yalianzia wapi, na mtu huyo alikuwa barabara ya pili, amekaa mbele ya cherehani, miwani imefungwa kichwani kwa lastiki ya sketi.

Lastiki yenyewe nayo ina kisa chake. Pua iliyobonyea haishiki miwani. Pindo alianza kuhitaji miwani ya kutungia uzi alipofika miaka arobaini, na kila alipoinama miwani ilianguka juu ya kitambaa. Akakata lastiki, akashona ncha mbili, akaivaa. Wateja walizoea. Kioo kikubwa cha kiwanda chake alikuwa amekitundika mahali ambapo mteja hujiona mzima na fundi anabaki nyuma ya bega la mteja. Mabibi harusi wakimwomba wapige naye picha aliwaonyesha mdomo uliojaa pini, akatikisa kichwa. Picha zikapigwa, pini zikatoka. Alipokuwa na miaka ishirini aliililia pua ile. Alipofika thelathini aliacha. Kufika hamsini alikuwa anaitania mwenyewe kabla watu hawajaanza, na watu wakadhani haimsumbui.

Ndipo Randa akaja siku moja mchana, akakaa kwenye benchi la wateja, kofia ameishika mikononi.

"Mdogo wangu," akasema, "nimetoka kwa daktari wa macho."

Pindo alikuwa anafumua mshono wa gauni. Akasimamisha kiwembe. "Anasemaje?"

"Presha ya macho. Ya pembeni yote imeshaondoka. Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Wewe nakuona uso, mikono sikuoni."

"Itarudi?"

"Hairudi. Kanipa matone ya kuichelewesha. Labda mwaka, labda haufiki." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza urefu wa meza. Kisha akaongeza, bila kituo, "Hospitali kuu kuna daktari anayetengeneza pua. Nimekuandikishia."

"Umeniandikishia nini?"

"Kuonwa tu."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Na bado nakataa. Mimi bibi wa miaka hamsini na miwili, pua nzuri ya kuipeleka wapi? Nani anayeitazama?"

"Mimi," akasema Randa. "Naitazama mimi kila siku. Nataka niione imenyooka kabla sijaacha kuona."

Hapo ndipo walipowahi kuukaribia zaidi ule ubao, katika miaka yote ile. Pindo akaanza kupanga pini kwenye kimto chake cha kuchomekea, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.

"Ni lini?" akauliza.

"Jumanne."

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko walivyotarajia, rika la wateja wa Pindo wanaokuja kupima magauni ya harusi. Aliipapasa pua kwa vidole viwili, akaingiza taa puani, akamgeuza uso huku na huku. Randa alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani na amefuata nini, maana alikuwa na uso wa mtu asiyeondoka.

"Mfupa nitaunyoosha," daktari akasema. "Pale palipobonyea nitapainua kwa gegedu kidogo, kile kifupa laini cha nyuma ya sikio. Shida yako ni ngozi ya hapa juu. Imekuwa nyembamba sana na imegandia mfupani. Nikiinua hivi hivi, kila ukingo wa ndani utaonekana kwa nje. Kwa hiyo chini yake nitatandika kipande cha ngozi yako mwenyewe. Naondoa tabaka la juu lenye vinyweleo, nabaki na lile nene la ndani. Ndilo linalojaza na kulainisha."

"Hiyo ngozi unaitoa wapi?"

"Kwenye mkunjo, chini ya kalio. Kovu linajificha humo humo, halionekani."

Mtu mwingine angeshtuka. Pindo aliitikia kwa kichwa, kwa sababu daktari alikuwa anamweleza kazi ambayo yeye ameifanya miaka thelathini. "Ndiyo," akasema. "Nguo ikichanika mbele, kiraka natoa kwenye pindo lake lenyewe. Cha dukani hata kikifanana rangi, ukifua mara mbili kinajitenga."

Daktari alicheka. "Nitawaambia wanafunzi wangu hivyo."

"Lakini daktari, yaani mtu akinitazama usoni, atakuwa anatazama wapi?"

Walicheka wote wawili mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Randa ndiye hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anafikiri. Alipoona wamemaliza kucheka aliuliza kipande hicho kina ukubwa gani. Daktari akamwonyesha kidole chake kidogo. Randa akauliza tena, mtu anayetolewa ngozi anajiandaaje? Daktari akadhani kaka mtu anataka kumsaidia mgonjwa wake, akamjibu vizuri: anyoe mahali pale, aoge kwa sabuni, aje hajala wala kunywa kitu. Randa aliyarudia maneno yale kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Siku ya upasuaji Pindo alifika hospitalini na wifi yake, mke wa Randa, mwanamke mnene mwenye sauti, ambaye ndiye aliyekuwa akimpimia Randa mbao tangu futi ianze kumpotea machoni. Njia nzima wifi alikuwa ananung'unika. Mumewe ametoka nyumbani alfajiri bila chai, hakusema aendako. "Na jana," akasema, "nimemkuta bafuni ananyoa mapaja. Yote mawili. Nikajisemea, huyu mzee kapata mwanamke."

Walimkuta wodini. Alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa shati lake la kuendea misibani, midomo imekauka kwa njaa. Mbele yake muuguzi alikuwa anapekua daftari la wagonjwa wa siku ile kwa mara ya tatu.

"Jina lako halimo, mzee," muuguzi akasema.

"Litafute vizuri. Nimekuja kutolewa ngozi."

Daktari alitoka akiwa tayari amevaa nguo zake za kijani. Akauliza kuna nini. Randa akasimama, akavuta pumzi kama anayetaka kubeba kitu kizito.

"Daktari, ile ngozi toa kwangu. Nimenyoa paja la kulia na la kushoto, uchague. Sijala tangu jana."

"Mzee wangu, haiwezekani."

"Inawezekana. Huyu na mimi baba mmoja, mama mmoja. Mimi ni seremala. Mlango ukipasuka, kiraka natafuta mbao ya gogo lile lile, na kinashika. Sisi ni gogo moja."

"Hata hivyo," daktari akasema taratibu. "Kwenye mbao ni sawa. Mwili wa mtu una wivu. Ngozi yako mwili wake utaijua ni ya mgeni hata kama ni ya kaka, na utaifukuza. Pua itaoza. Lazima iwe yake mwenyewe."

Hapo Randa akapandwa na kitu ambacho hakikuwa hasira, ingawa kilitoka na sauti ya hasira. "Mimi ndiye niliyeivunja," akasema. "Mnasikia? Mimi. Si mlango. Nilirukia ubao. Akanificha, akapigwa picha za shule zote akiinamisha kichwa, na mimi nikanyamaza. Sasa haiwezekani nivunje mimi, halafu akatwe tena yeye."

Muuguzi akainamia daftari lake. Wifi, ambaye katika ndoa ya miaka thelathini hakuwahi kulisikia jambo hilo, aliziba mdomo kwa mkono. Pindo alimtazama kaka yake, mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, mapaja yamenyolewa, amejitokeza mbele ya watu kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Alimpenda wakati ule kuliko wakati wowote. Alikwenda akamshika mkono.

"Kaka," akasema, "mimi nilisema ni mlango. Na leo bado nasema ni mlango. Nenda ukanywe chai."

Randa alilia. Alilia bila kujificha, na wifi akamwongoza mpaka kantini, huku akimwuliza kwa nini hakumwambia, na huku anamfuta uso kwa upande wa kanga yake mwenyewe. Pindo alipanda kwenye kitanda cha magurudumu akasukumwa ndani.

Alipozinduka pua ilikuwa imefunikwa kitu kigumu cheupe, na sehemu nyingine, ile ya pindo, ilikuwa inawaka moto. Kwa wiki mbili hakuweza kukaa vizuri. Fundi cherehani asiyeweza kukaa ni kichekesho, na mtaa ulimcheka kwa upendo. Walikuja kumpa pole, wakaona bandeji iko usoni lakini mgonjwa anakaa upande mmoja, wakajaribu kuyaunganisha mambo hayo mawili wakashindwa. Yeye alijifanya hamnazo. Alimwachia wifi awaeleze, na wifi hakuwa mtu wa kueleza jambo bila kulitia chumvi.

Siku ya nane daktari alimwondolea kile kitu kigumu. Alimweleza vizuri, mara mbili, asije akashtuka: ngozi ameiweka nene kidogo kuliko inavyotakiwa kwa makusudi, kwa kuwa mwili hula kiasi chake. Na uvimbe utashuka pole pole, miezi. Kwa miezi sita asivae miwani juu yake, asiilalie, asiibonyeze, na mtu yeyote asiiguse. Pindo aliitikia yote. Kisha akapewa kioo, akaona pua pana, ya manjano na zambarau, kubwa kama ya mtu mwingine. Alipiga moyo konde. Alikuwa ameelezwa.

Lakini Randa hakuwepo wakati daktari anaeleza. Alikuja jioni ile ile, jua bado liko dirishani, akavuta kiti karibu kabisa. Alianza kugeuza kichwa kidogo kidogo, kulia na kushoto, akiitafuta pua kwa kile kitundu cha macho kilichombakia. Akaipata. Akakaa nayo muda mrefu, hapepesi.

"Ni nzuri," akasema.

Pindo aliijua sauti ile. Ndiyo ambayo Randa huwapa wateja wanaomletea mbao zilizooza na kumwomba awatengenezee kabati. "Ni uvimbe, kaka," akamwambia. "Itashuka. Daktari amesema itashuka."

"Ndiyo. Ni nzuri," akasema tena, akachukua kofia yake. Kesho yake wifi alikuja peke yake. Alisema mumewe hataki kula. Anasema ameiharibu mara ya pili.

Kuanzia hapo vitu viwili vikawa vinashuka pamoja, uvimbe wa pua na macho ya kaka, na Pindo alikuwa akiviombea kimoja kiharakishe na kingine kichelewe. Kila Jumapili alikwenda kwake, akakaa kwenye kiti cha dirishani penye mwanga. "Sasa je?" akamuuliza. Mwezi wa kwanza Randa alisema bado ni pana. Mwezi wa pili alisema inaelekea kupungua, lakini alikuwa anatazama karibu na sikio. Mwezi wa tatu alisema, "Naona umevaa kitu chekundu." Mwezi wa nne hakuona nyekundu.

Jumapili hiyo Pindo alirudi kiwandani akafunga mlango. Alisimama mbele ya kioo, mahali ambapo husimama wateja. Pua ilikuwa imenyooka. Ilikuwa nyembamba mahali pa wembamba, imeinuka mahali pa kuinuka, na hakuna aliyeweza kusema ilikuwa na kiraka ndani. Ilikuwa pua yake, ile ambayo angekuwa nayo kama asingeinama kufuta vumbi. Akaichukia. Kama ingenyooka mapema kwa mwezi mmoja tu, ingepungukiwa nini? Alikasirika mpaka akalia juu ya gauni la mtu, ikabidi alifue na kulipiga pasi upya.

Randa hakuacha kazi. Watu walidhani ataacha. Wifi alishika futi na msumeno, naye alibaki na randa na msasa, kazi za mkono. Alisema hakuna tofauti kubwa, maana hata zamani, alipotaka kujua kama ubao umenyooka, alifumba macho na kupitisha kidole gumba. Macho kazi yake ilikuwa kutafuta penseli. Alitania hivyo mbele ya wateja, wakacheka. Nyumbani alikuwa mkimya. Wifi alimwambia Pindo kwamba mara nyingine humkuta amekaa tu, na ukimuuliza anawaza nini, anasema anawaza ile siku ya nane. Hiyo ndiyo sura ya mwisho ya mdogo wake aliyoiona sawasawa, ile ya pua ya manjano na zambarau, na hiyo ndiyo aliyobaki nayo.

Miezi sita ilipotimia Pindo alirudi hospitalini. Daktari aliipapasa pua kutoka juu mpaka chini, akaibana ubavuni, akaitikisa kidogo.

"Kipande kimeshika," akasema. "Kimekaa kama hakijawahi kukaa pengine. Ile lastiki yako sasa uitupe, miwani itashika yenyewe."

"Na kuguswa je?"

"Kuguswa na nani?"

"Na seremala."

Daktari aliwakumbuka. "Aiguse," akasema. "Taratibu tu."

Pindo hakupitia nyumbani. Alishuka kwenye basi akaenda moja kwa moja mpaka kiwandani kwa kaka yake, miwani juu ya pua, lastiki ndani ya mkoba. Randa alikuwa amesimama mbele ya mlango mpya uliolazwa kwenye meza, anapiga msasa ukingo. Wifi alikuwa pembeni anafagia maranda. Alimwona Pindo, akaona uso wake, akaegemeza ufagio ukutani, akanyamaza. Kwa wifi yule, kunyamaza ni kazi nzito.

"Pindo," Randa akasema bila kugeuka. "Leo unatembea upesi."

Pindo alivua miwani. Akauchukua mkono wa kulia wa kaka yake, akaanza kuufuta vumbi la mbao kwa upindo wa gauni lake, kidole kwa kidole. Alipofika kwenye kidole gumba, Randa akaelewa. Akataka kuuvuta mkono.

"Daktari amesema isiguswe."

"Amesema sasa iguswe."

"Mkono wangu mgumu. Una vibanzi."

"Ndio huo huo wa siku zote," Pindo akasema. "Weka."

Randa alijifuta tena mwenyewe kwenye shati. Akafumba macho, ingawa yalikuwa hayana tena cha kufumbia. Pindo alikiongoza kidole mpaka kati ya nyusi, kisha akakiacha. Kidole kikaanza kushuka. Kilishuka polepole sana, kikikumbuka njia. Katikati, pale palipobonyea, kikasita, kikajiandaa kuanguka kama kilivyoanguka kila asubuhi nyuma ya rundo la mbao. Hakikuanguka. Kilipita. Kikafika nchani, kikapanda tena juu, kikashuka mara ya pili, na mara ya tatu, moja kwa moja, bila kwenda kushoto.

Randa alisahau kuondoa mkono. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo wifi hakuitambua kuwa ni ya mumewe:

"Inauma?"

Machozi yalikuwa yanamchuruzika Pindo mpaka kidevuni, kama zamani.

"Haiumi, kaka," akasema, na safari hii ilikuwa kweli.